Dada Chaki na Korido ya Ghorofa ya Tatu

Wafagiaji wa bohari lile walikuwa na ugomvi mmoja tu na Dada Chaki, nao ulihusu chaki yenyewe. Wanamaliza kupiga deki, sakafu inang'aa, wamejiegemeza kwenye mifagio wakivuta pumzi, mara wanamwona anakuja na simu yake kuukuu mkono wa kushoto na kipande cha chaki mkono wa kulia, anatembea polepole kama mtu aliyeangusha pete. Anasimama. Anarudi hatua mbili. Anainama na kuchora: duara kama mtandao uko hai, eksi kama umekufa. Wakilalamika anawaambia wafute kesho, leo bado anaisoma.

Lilikuwa bohari la vitu vya majimaji: maji ya chupa, juisi, siki, sabuni za kuoshea vyombo, vyote vimepangwa kwenye rafu za vyuma zilizokwenda juu mpaka shingo ikuume kuzitazama. Kati ya rafu hizo kulikuwa na njia kumi na nne, na humo walizunguka wafanyakazi arobaini na vile vifaa vya kusomea lebo za katoni, ambavyo kwa umbo lake wenyewe waliviita bastola. Kila bastola ilizungumza na ofisi kwa waifai. Mtandao ukikatika njia ya tisa, utamkuta mwanamume mzima ameilenga katoni ya juisi, anabonyeza, anabonyeza tena, kama askari aliyeishiwa risasi, na lori linamsubiri mlangoni likinguruma. Hapo ndipo jina la Dada Chaki linapoitwa kwa sauti, na si kwa kumsifu.

Mitambo hiyo alikuwa ameitunza miaka kumi na mmoja. Rauta zote za darini alizifunga mwenyewe, juu ya ngazi, na alijua ipi huchoka joto likizidi na ipi hugoma kuamka umeme ukikatika na kurudi. Shahada hakuwa nayo. Alikuwa na cheti cha mwaka mmoja, subira, na kanuni mbili ambazo hakuzipata kwenye kitabu chochote. Ya kwanza: maji yanameza mawimbi, kwa hiyo bohari tupu na bohari lililojaa ni majengo mawili tofauti. Pima yote mawili, au kaa nyumbani. Ya pili: ukipata mahali pamekufa, chora eksi, hata kama jengo si lako.

"Ukipaona ukapita kimya," alikuwa akisema, "wewe si fundi, wewe ni mpita njia."

Aliwahi kuchora eksi kwenye sakafu ya benki akiwa kwenye foleni. Mlinzi akamtoa nje kwa heshima zote, na aliporudi wiki iliyofuata akakuta wameshafunga rauta nyingine palepale. Kisa hicho alikihadithia mara nyingi mno, mpaka mumewe akawa anammalizia mwisho wake ili watu waendelee na mazungumzo mengine.

Kanuni hizo mbili alimfundisha mtu mmoja tu, mdogo wake.

Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yao. Walipishana miaka kumi na minne. Alipomaliza shule alikuja kukaa kwa dada yake na begi moja na mdomo mwingi, na Dada Chaki akamshikisha ngazi. Miaka minne alimshikisha ngazi. Akamfundisha kubana nyaya, kusoma vipimo, kutembea na chaki. Siku Kitinda alipopata kazi hotelini, Dada Chaki ndiye aliyempa koleo lake la kubania nyaya, lile zuri lenye mpini mwekundu, yeye akabaki na la kawaida linalouma kiganja. Mpaka hapo roho yake ilikuwa nyeupe. Alimpenda mwanafunzi wake, na mapenzi hayo yalikuwa rahisi kwa sababu mwanafunzi alikuwa nyuma yake hatua moja.

Hatua hiyo Kitinda aliivuka bila hata kubisha hodi.

Kulikuwa kumetoka kiwango kipya cha waifai. Rauta zake zilitumia bendi ya juu ambayo zile za zamani hazikuwa nayo. Zilikwenda kasi, zikahudumia vifaa vingi kwa pamoja bila kusukumana. Dada Chaki alikisoma mapema kuliko mtu yeyote aliyemjua. Alichapa kurasa sitini ofisini, akazipigia mistari kwa kalamu nyekundu, na Jumapili moja akamweleza Kitinda mezani, chai ikipoa, kwamba yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza mji mzima kukiweka. Kitinda alimsikiliza akitikisa kichwa. Dada Chaki alingoja wakati mzuri wa kumwambia meneja. Miezi miwili baadaye hoteli nzima ya ghorofa tano ilikuwa na rauta mpya, na jarida la mafundi lilikuwa na picha ya Kitinda ukurasa wa kumi na mbili, kofia ya plastiki kichwani, ameshika koleo lenye mpini mwekundu.

Mama yao, aliyekuwa akiishi kwa Dada Chaki, aliukata ukurasa huo kwa mkasi na kuubandika kwenye mlango wa kabati la vikombe. Basi ikawa huwezi kunywa chai ndani ya nyumba ile bila kumwomba Kitinda ruhusa.

"Huyu mtoto ana kichwa," mama alisema, akilainisha kona ya karatasi kwa kidole.

"Alifundishwa, mama."

"Kufundishwa wanafundishwa wengi."

Dada Chaki alitoka na kikombe kitupu mpaka uani. Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa huko amechangua mota ya watu.

"Lile koleo ni langu," alimwambia.

"Ulimpa."

"Nimesema sikumpa? Nimesema ni langu."

Mumewe akapuliza vumbi kwenye mota. "Mke wangu, umeshikwa na kijiba cha roho."

"Mimi? Nimwonee wivu mtoto niliyemnunulia viatu?"

"Sasa hivi anajinunulia mwenyewe," mumewe alisema. "Labda ndiyo shida."

Alisusa kuzungumza naye mpaka chakula cha jioni, jambo ambalo mumewe alilichukua kama jibu.

Tusidanganyane, mwenye wivu hujijua. Dada Chaki alijijua vizuri. Alijijua kila alipofungua kabati, na kila mtu wa bohari alipomwambia, "Kumbe yule wa jaridani ni mdogo wako? Hongera." Alikuwa akijibu asante na neno hilo likimkwama kooni kama kidonge kikavu. Hongera ya nini? Ya kushika ngazi?

Kisha meneja naye akalipata jarida. Meneja alikuwa mtu wa kupenda kufika wa kwanza, hata kwenye mikutano aliyoiitisha mwenyewe. Alimwita Dada Chaki siku ya Alhamisi, jarida liko wazi mezani.

"Mdogo wako ameshaweka kule hotelini. Sisi tunangoja nini?"

Dada Chaki alilitazama lile koleo pichani.

"Mimi si fundi," meneja aliendelea. "Nataka neno lako kwa maandishi, Ijumaa ijayo. Tuweke kiwango kipya sasa, au tusubiri. Ukisema tuweke, tunabadilisha bohari zima. Ukisema tusubiri, tunasubiri, na sitamuuliza mwingine. Miaka yote hii hujawahi kunidanganya."

Alirudi kwenye meza yake, iliyokuwa imebanwa pembeni kati ya ukuta na shehena ya siki, akafungua daftari. Mkono wake ukaandika neno moja kabla hajafikiri: Tusubiri.

Sababu zilikuja mbio, na zilikuwa sababu za kweli. Bastola zote arobaini zilikuwa za zamani, bendi mpya hazikuisikia kabisa. Bendi ya juu inakwenda kasi lakini haifiki mbali, na ikikutana na maji inazama haraka zaidi. Lakini wakati ule, alipokuwa akizipigia kurasa sitini mistari myekundu, sababu hizohizo alikuwa nazo, na kila moja alikuwa na jibu lake: tutaongeza rauta, bastola zitabadilishwa polepole, anayeanza mapema anajifunza bila kukimbizwa. Tangu wakati huo hakikubadilika kitu ndani ya bohari. Kilichobadilika ni ukurasa wa kumi na mbili. Akiandika tuweke, amekubali kumfuata mdogo wake nyuma. Akiandika tusubiri, itaonekana kama hekima ya mtu mzima, na meneja ataitia sahihi bila kuuliza. Lile neno ambalo bohari zima liliamini kwa miaka kumi na mmoja, sasa mwenyewe hakujua kama ni la fundi au ni la mwenye kijicho, na watu arobaini wangeishi nalo.

Akasema ataenda hotelini Jumapili kujifunza. Hivyo ndivyo alivyomwambia mama. Alienda kutafuta kasoro.

Kitinda alimpokea mlangoni kwa kumkumbatia mpaka begi likamdondoka. Alimtembeza. Alimwonyesha rauta nyeupe bapa kwenye dari, zimefungwa sawasawa, nyaya zimelazwa vizuri, na Dada Chaki akatafuta waya mmoja uliolegea asiupate. Alimwonyesha kompyuta ya chumba cha mitambo, iliyoandika kila kifaa kinachoingia na kutoka mtandaoni. Hata simu kuukuu ya Dada Chaki ilikuwemo tayari, kwa jina alilolipa mwenyewe zamani: Chaki.

"Ona, imeshakujua," Kitinda alicheka. "Sasa sikiliza, dada. Alhamisi wakubwa wanakuja. Watapiga simu ya video pale getini, watapanda nayo ghorofa zote tano bila kukata. Isipokatika, mimi ndiye mkuu wa mitandao ya hoteli zote sita za kampuni. Nitakuwa na ofisi yenye mlango."

"Mlango," Dada Chaki alisema. Aliiona meza yake, na ile siki.

Simu ya mapokezi ikalia, Kitinda akaitwa. "Zunguka tu, dada, jisikie nyumbani. Ukiona kitu uniambie."

Alizunguka. Ghorofa ya kwanza safi, ya pili safi. Roho yake ilizidi kuwa nzito kwa kila mlango aliopita, maana kazi ilikuwa nzuri, na yeye alikuwa na macho ya kuiona nzuri kuliko wageni wote waliolala mle. Kisha ghorofa ya tatu, kwenye korido fupi inayoelekea vyumba viwili vikubwa vya pembeni, simu yake ikapoteza mtandao.

Akarudi hatua mbili, ikashika. Akasogea, ikakatika. Akarudia mara ya tatu na ya nne, akihesabu vigae. Hatua tano nzima za korido zilikuwa zimekufa. Aliweka kiganja ukutani, akakuta ukuta una joto. Akatega sikio, akasikia maji. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na chumba cha kufulia na tangi kubwa la maji ya moto. Alikumbuka papo hapo: mwezi ule Kitinda alipokuwa anapima, alilalamika kwenye simu kwamba wageni wanaoga maji baridi, tangi limetolewa maji linatengenezwa. Alikuwa amepima tangi likiwa tupu. Somo la kwanza kabisa, lile la siku ya kwanza ya ngazi, alikuwa amelisahau.

Furaha ilimpanda kama chafya. Alitoa chaki mfukoni, kwa mazoea tu, akachuchumaa. Vigae vilikuwa vya rangi ya maziwa, eksi ingeonekana kidogo lakini Kitinda angeiona, hakuna alama ya chaki ambayo Kitinda asingeiona. Wakubwa wangepita hapa Alhamisi, simu mkononi. Picha ingeganda. Alikaa hivyo amechuchumaa, magoti yakimuuma, chaki ikiwa karibu kugusa sakafu.

Akasimama, akairudisha chaki mfukoni.

"Vipi, umeona kitu?" Kitinda aliuliza walipokutana chini.

"Pazuri," Dada Chaki alisema. "Pazuri sana."

Jumatatu na Jumanne alifanya kazi kwa raha asiyokuwa nayo miezi mingi. Aliandika ushauri wake kurasa mbili, na ndani yake akaweka kifungu kuhusu hoteli moja, isiyotajwa jina, iliyokimbilia kiwango kipya na mtandao wake ukakatika kwenye korido. Kifungu hicho alikisoma mara kadhaa. Kilikuwa kitamu. Angekipeleka Ijumaa, baada ya Alhamisi kupita na kukithibitisha, na meneja angesema, ndiyo maana tunakuamini.

Ila chaki mfukoni ilianza kumsumbua. Jumanne mfanyakazi wa njia ya tisa alimwita, bastola imekatika. Akaenda, akapima, akainama kuchora, mkono ukasita. Mfanyakazi akamtazama.

"Dada, mgongo?"

"Mgongo," alisema, akachora haraka, eksi ikatoka imepinda.

Jumatano mchana alirudi mapema, akamkuta mama amesimama kwenye meza ya kupigia pasi, ananyoosha blauzi nyeupe ya Kitinda. Kitinda alikuwa ameileta asubuhi na kuondoka mbio. Mama alikuwa anapiga pasi kola kwa ncha, taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo.

"Za kazi?"

"Njema, mama."

"Huyo mwenzio ana nini na wewe?" mama aliuliza bila kuinua kichwa. "Kila akipiga simu ni swali hilohilo. Dada amesema nini? Namwambia hajasema kitu. Leo tena kaniuliza, dada amesema nini? Kuna kitu cha kusema?"

"Hakuna."

"Basi mpigie umwambie hakuna, aache kunichosha." Mama aligeuza blauzi. "Ametokwa na rangi, mtoto wa watu. Nimemwambia asiogope. Nimemwambia, wewe umelelewa na nani?"

Dada Chaki alifungua kabati achukue kikombe. Kitinda alimtazama kutoka ukurasa wa kumi na mbili, kofia imemkaa upande, kwa sababu hakuwahi kujua kufunga ule mkanda wa kidevuni. Miaka minne dada yake ndiye aliyekuwa akimfungia. Wivu ulikuwepo bado, haukwenda popote, ulikaa palepale kifuani umejaa. Lakini sasa kando yake kulikuwa na kitu kingine kilichomfanya aone aibu kushika kikombe mbele ya karatasi.

Alhamisi saa moja asubuhi alikuwa getini mwa hoteli. Alikuwa amejiandalia maneno: jana usiku nimekumbuka kitu, sijui kama kitasaidia. Uongo mdogo, wa kubebea ukweli mkubwa. Alipanda ngazi kwa miguu kwa kuogopa kukutana na mtu kwenye lifti, akafika ghorofa ya tatu anahema, akaingia ile korido na chaki mkononi.

Darini kulikuwa na rauta mpya, nyeupe, taa yake ya kijani inawaka. Chini yake, kwenye vigae, kulikuwa na eksi iliyofutwa nusu kwa mguu. Simu yake haikukatika hata akiwa ameigusisha ukutani.

"Umechelewa, dada."

Kitinda alikuwa amesimama mwanzo wa korido, blauzi nyeupe imenyooka, koleo limechomoza mfuko wa nyuma.

"Umejuaje?" Dada Chaki aliuliza, maana lile neno alilojiandalia lilikuwa limekimbia.

"Kompyuta iliniambia. Jumapili jioni niliifungua nione siku ilikwendaje. Chaki imetoka. Chaki imerudi. Chaki imetoka. Mara nne, dakika sita, mahali pamoja." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mtu hapiti mara nne mahali ambapo hajapaona."

Dada Chaki aliitazama simu mkononi mwake.

"Nikaja hapa na tochi. Nikasema dada lazima amechora, labda mfagiaji amefuta. Nikamuuliza mfagiaji, akasema hajafuta kitu. Jumatatu nikakusubiri. Jumanne nikakusubiri. Nilikuwa nimeshapaona mimi mwenyewe, dada, rauta ninayo stoo, nusu saa naifunga. Sikuifunga. Nilitaka uniambie wewe. Jana jioni ndiyo nikachukua ngazi."

"Niliona wivu," Dada Chaki alisema. Lilitoka hivyohivyo, bila kupambwa.

"Najua."

"Wewe ndiye uliyeweka kwanza. Mimi ndiye niliyekuambia habari zake, mezani pangu. Ukaweka bila hata kunipigia simu. Na picha umepiga na koleo langu."

Uso wa Kitinda ulibadilika. Hilo hakulitegemea, au alilitegemea miezi mingi na alikuwa amechoka kulingoja. "Kweli," alisema. "Sikukupigia. Niliogopa utaniambia nisubiri, na ukiniambia nisubiri mimi ninasubiri. Sijawahi kukubishia maishani." Akajipangusa uso kwa kiganja, kwa uangalifu, asichafue kola. "Lakini mimi nisingekuacha uanguke mbele ya watu."

Sauti ya mapokezi ilimwita kutoka chini, magari yalikuwa yameingia. Akashuka bila kuaga, na Dada Chaki akabaki ameshika chaki kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni asijue jibu.

Boharini siku hiyo hakumweleza mtu kitu. Alitoa zile kurasa mbili akazisoma tena. Kila sentensi ilikuwa ya kweli na hakuweza kuiamini hata moja. Alijaribu kuandika upya upande wa pili, tuweke, na hilo nalo likanuka: lilikuwa la kujipendekeza, la kulipia kosa. Akapasua zote. Kisha akachukua simu, akaiweka, akaichukua tena, akampigia Kitinda.

"Kesho asubuhi njoo upime bohari langu," alisema. "Wewe. Wiki hii kipimo changu mimi mwenyewe sikiamini."

Kimya kilikuwa kirefu mpaka akadhani mtandao umekatika.

"Limejaa?" Kitinda aliuliza.

"Mpaka juu."

Alikuja Ijumaa saa mbili, na rauta moja mpya ndani ya begi na bastola ya kisasa aliyoazima kwa mtu. Salamu alitoa, lakini ya kikazi. Dada Chaki alimshikia ngazi. Kitinda akazunguka njia zote kumi na nne, akihamisha ile rauta kutoka njia hadi njia, simu mkono wa kushoto, chaki mkono wa kulia, na Dada Chaki nyuma yake hatua moja. Kila duara, kila eksi, Kitinda alichora mara moja, bila kuinua mkono. Zilikuwa zimenyooka kuliko za mwalimu wake. Dada Chaki aliliona hilo na roho ikamchoma, hata wakati huo, hata baada ya yote. Akasogeza ngazi.

Saa tano kasorobo walisimama mwisho wa njia ya kumi na nne. Sakafu nyuma yao ilikuwa imejaa chaki, na wafagiaji walikuwa wamekaa juu ya katoni wameshika tama.

"Kwa bohari hili, msiweke sasa," Kitinda alisema. "Bendi ya juu inakufa baada ya rafu ya pili, maji yanaimaliza. Na bastola zenu haziisikii. Subirini zibadilishwe, mwaka au zaidi, halafu muanze na mlango wa malori, pale pana uwazi. Ukiweka leo, utakuwa umebadilisha dari tu."

Ni neno lilelile lililoandikwa na mkono wake siku ya kwanza. Dada Chaki alilisikia likitoka kinywani mwa mwingine na akajua kwamba sasa linafaa kupelekwa.

Kitinda alifunga begi. Alichukua muda mrefu kulifunga. "Hujaniuliza ya jana."

"Ilikuwaje?"

"Haikukatika. Wamenipa."

"Hongera," Dada Chaki alisema. Lilitoka likikwaruza, silabi baada ya silabi, na Kitinda alisimama akalisubiri mpaka likaisha lote. Kisha akasema atapita Jumapili kumwona mama.

Ushauri ulikuwa nusu ukurasa. Chini yake, pale anapoandika jina la aliyepima, Dada Chaki alikaa na kalamu nyekundu kwa muda, akaandika: Amepima mdogo wangu. Akaupeleka.

Meneja aliusoma akasikitika kidogo, kwa kuwa alitamani kuwa wa kwanza. Akafika chini.

"Mdogo wako huyu ndiye yule wa jaridani?"

"Ndiye."

"Yuko vizuri. Nani alimfundisha?"

Tangu ukurasa ule ubandikwe kwenye kabati, Dada Chaki alikuwa amelingoja swali hilo. Alilingoja kwa mama, kwa mumewe, kwa kila aliyempa hongera. Alikuwa ameshalijibu kichwani kwa namna ishirini.

"Mimi," alisema. "Nilimfundisha mambo mawili. Moja alilisahau yeye, na moja nililisahau mimi."

Meneja alingoja amweleze zaidi, akaona haelezi, akatia sahihi.